Karani wa benki hajaiona sarafu yako

Katika grupu letu la WhatsApp la Waswahili tunaouza vitu vya kale mtandaoni huku Marekani, haipiti wiki bila mtu kubandika skrinishoti na kuandika, "Jamani nimelizwa." Mnunuzi alishinda mnada, akalipa, akapokea mzigo, kisha akaenda benki yake kudai arudishiwe hela. Hapo grupu linawaka: wanunuzi ni wezi, eBay, huo mtandao wa minada tunakouzia, inawabeba wao, sisi wadogo ndio tunaoumia. Mimi sikubaliani na sehemu kubwa ya maneno hayo, na leo naandika kwa kirefu kwa sababu nikiandika mistari mitatu kule ndani naitwa wakili wa matapeli.

Kwanza mjue nauza nini. Nauza sarafu za kwetu: heller za enzi za Mjerumani, senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, pesa za shaba za Zanzibar alizotoa Seyyid Barghash mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zenye picha ya mizani, na mara mojamoja riale ya fedha. Nyingi hazifiki dola 60. Wanaonunua ni wazee wakusanyaji wa Ohio na Pennsylvania, Wajerumani kadhaa, na vijana wa Kitanzania waliozaliwa huku wanaotaka kitu cha kuweka mezani.

Sasa jiulize kwa nini mzee wa Ohio, asiyenijua kwa sura wala kwa jina, anatuma dola 45 kwa kuangalia picha nne tu. Ananiamini mimi? Wapi. Anaiamini kadi yake. Tangu mwaka 1974 sheria ya Marekani inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 baada ya kutumiwa bili ili alalamikie makosa ya malipo, na mitandao ya kadi yenyewe ina taratibu zinazomwongezea muda, mara nyingi hadi siku 120. Mzee anajua akipigwa hela yake itarudi. Ondoa ulinzi huo uone kama atanunua tena kwangu. Atakwenda kwa duka kubwa lenye jina, na mimi nitabaki na sarafu zangu kwenye droo. Mwenye duka kubwa ana sifa yake ya kumbeba. Sisi wadogo tunabebwa na haki hiyohiyo tunayoilaani kila wiki.

Linganisha na nyumbani. Mtu wa Bukoba akiona kitu kwenye Instagram kinauzwa Kariakoo, anaambiwa "lipia kwanza ndiyo tukutumie." Akilipa na mzigo usifike, amekwisha. Ndiyo maana wengi wanang'ang'ania kulipa mzigo ukishafika mkononi, na muuzaji mwaminifu anakosa biashara kwa dhambi za wengine. Kenya ukituma hela ya M-Pesa kimakosa, ule ujumbe wa muamala unaupeleka namba 456 kuomba irudishwe, na wapo wajanja wanaoitumia njia hiyo kwa muuza duka wakishaondoka na bidhaa. Kwa hiyo wajanja wako kila mahali. Tofauti ni kwamba kule mambo huamuliwa haraka, na huku kesi inaweza kukujia wakati hata sura ya ile sarafu umeshaisahau.

Jambo ambalo wenzangu wengi hawalitenganishi ni kwamba mnunuzi ana milango miwili. Mlango wa kwanza ni eBay yenyewe: ana siku 30 tangu mzigo ufike, au tangu siku uliyotakiwa kufika, kusema haufanani na maelezo au haukufika, nawe unapewa siku 3 za kazi kumaliza naye. Mlango wa pili ni benki yake. Akipita huo, eBay inakuwa mjumbe tu. Inaishikilia hela, inakupa siku 5 za kujibu, na siku hizo zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Uamuzi unatoka benki. Watu wanapoteza kesi ya mlango wa pili kwa kuijibu kama ya mlango wa kwanza: wanamwandikia mnunuzi, wanabishana naye, wanamwapiza, wakati mwenye uamuzi ni karani fulani ambaye hajui heller ni kitu gani na ana mafaili mengine kibao mbele yake.

Huyo karani ndiye msomaji wako. Mwandikie yeye.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, maana una mengi ndani yake. Niliuza heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Kwa wasioijua: vita vya kwanza vya dunia vilipopamba moto na meli za Mjerumani kushindwa kuleta sarafu kutoka Ulaya, Wajerumani walianza kugonga sarafu zao Tabora, kwenye karakana ya reli. Upande mmoja kuna taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) na T ndogo ya Tabora. Upande wa pili kuna thamani ndani ya matawi. Ni kazi ya dharura na inaonekana ni ya dharura. Maandishi mengine yamefifia, duara lenyewe halijakaa sawa, shaba nyingine nyekundu na nyingine ya njano. Mihuri iliyotumika nayo ilitofautiana, ndiyo maana kuna taji kubwa na taji dogo, na kwenye neno HELLER kuna L zenye ncha iliyopinda na nyingine zenye ncha iliyochongoka. Wakusanyaji wanazitafuta tofauti hizo kwa kioo. Mwezi Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, na karakana ikaishia hapo.

Mnunuzi wangu alikuwa na moja tayari, yenye L zilizopinda. Yangu ilikuwa na L zilizochongoka. Akaniandikia neno moja na alama tatu za mshangao: feki. Nikamjibu siku ileile: "Habari ya leo. Sarafu hii ni halali, ila kama hujaridhika irudishe, gharama ya posta ni juu yangu, na nikiipokea narudisha hela yako yote." Nikaambatisha stika ya posta iliyokwishalipiwa. Kimya. Baadaye ikaja taarifa kwamba amekwenda benki, sababu: bidhaa hailingani na maelezo.

Wenzangu wakanishauri nitume historia nzima ya vita, kuanzia von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, kurasa tano na ramani juu. Nilituma ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ulisema mnunuzi anadai nini. Wa pili ulisema tangazo langu lilitaja herufi zilizochongoka kwa maneno, na kando yake nikaweka picha ya tangazo hilo, sehemu hiyo nimeizungushia nyekundu. Nikaweka picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani ya kidijitali, ukurasa wa katalogi unaoonyesha aina zote mbili za L, na namba ya kufuatilia mzigo ikionyesha siku ulipofikishwa. Mwisho nikaweka ule ujumbe wangu wa kukubali airudishe, wenye tarehe, na stika ya posta ambayo hakuwahi kuitumia.

Hela ilirudi kwangu. Sidhani kama ni L zilizonishindia. Karani hakuwa na haja ya kujua historia ya Tabora; alichohitaji kujua ni kama mnunuzi amerudisha bidhaa au walau amejaribu. Kanuni za kadi kwenye madai ya aina hii humtaka mteja afanye hivyo kwanza. Mtu anayekataa kurudisha sarafu anayodai ni feki, huku akitaka na hela, hata karani aliyechoka anamwona. Ndiyo maana nasema jibu lako la kwanza kwa mnunuzi, lile unaloandika damu ikichemka, ndilo ushahidi mzito kuliko wote. Ukiandika "wewe hujui sarafu, rudi shule," nalo litasomwa.

Sasa upande wa pili, ambao grupu halipendi kuusikia. Mara nyingine mnunuzi ana haki. Kijana mmoja kwenye grupu aliweka mnadani riale yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na kichwa cha tangazo kikisema sarafu ya fedha ya mwaka 1780. Ikapanda bei vizuri. Mnunuzi alipokwenda kuuliza kwa wajuzi akaambiwa hiyo huenda imegongwa karne ya ishirini, akadai hela. Kijana akaja kwetu: "Kaka, imeandikwa 1780 pale pale, mimi nimekosea nini?" Imeandikwa, ndiyo. Malkia alifariki mwaka huohuo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi na pwani yetu walikataa sarafu yenye sura nyingine yoyote, Vienna iliendelea kuzigonga kwa tarehe ileile, kisha Roma, London na hata Bombay nao wakazigonga. Zote zinasema 1780. Anayeuza riale bila kusema hivyo anauza tarehe isiyo ya kweli, hata kama hakukusudia. Nilimwambia arudishe hela siku hiyohiyo na kuandika tangazo upya. Alininunia. Hela alirudisha.

Mzigo kutofika ni kesi nyepesi kuliko zote kama una namba ya kufuatilia, na ngumu kuliko zote kama huna, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kutuma sarafu kwenye bahasha ya stempu ili aokoe dola tatu. Oda ikifika dola 750 unatakiwa upate na saini ya mpokeaji. Na anwani: mnunuzi akishalipa kisha akakuandikia kwa upole, "Samahani, nitumie kwa shemeji yangu Florida," usitume. Ulinzi wako unafuata anwani iliyoko kwenye oda, haumfuati shemeji. Mwambie tufute oda, abadilishe anwani, anunue upya. Mwenye nia njema atakubali bila kinyongo.

Kuhusu wanaoshinda mnada na kuyeyuka bila kulipa, sina la kupoteza usingizi. Siku 4 zikipita unafuta oda kwa sababu ya kutolipwa, ada yako inarudi, unampa nafasi aliyekuwa wa pili kwa dau, na kwenye mipangilio unazuia watu wenye rekodi ya kutolipa. Hasira za mnada huisha zenyewe.

Kinachoniudhi kweli, na hapa nipo upande wa grupu, ni kwamba tangu mwaka 2008 muuzaji haruhusiwi kumwachia mnunuzi maoni mabaya. Najua kwa nini walifanya hivyo. Zamani wauzaji walilipiza kisasi kwa kila aliyelalamika, na wanunuzi wakaogopa kusema ukweli. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyewasumbua wauzaji wengi mwaka huu anaonekana msafi kama aliyefungua akaunti jana. Kwa hiyo tunapashana habari sisi kwa sisi kwenye grupu, jambo ambalo nalo lina hatari yake, maana nimeona watu wakichafuliwa huko kwa kuuliza swali tu.

Je, kila kesi ipiganiwe? Hapana. Ukishindwa kesi ya benki unapoteza bei ya sarafu, unapoteza sarafu yenyewe kama haikurudi, na kuna ada ya dola 20 juu yake. Kwa senti kumi ya dola 12, kukaa usiku kuandaa ushahidi ni kiburi tu. Rudisha, mzuie mtu huyo asinunue tena kwako, lala. Kwa Tabora nzuri au pesa ya Barghash isiyochakaa, pigana, na pigana ndani ya siku ya kwanza, usingoje ya tano.

Kuna mtego mmoja wa mwisho ambao umewala wawili kwenye grupu kwa mtindo uleule. Kesi ikiwa bado iko benki, mnunuzi anakuandikia kwa lugha tamu: "Rafiki, tusisumbuane, nitumie nusu ya hela kwa Zelle nami nitafunga kesi." (Zelle ni njia ya kutumiana hela moja kwa moja benki kwa benki.) Ukituma, kwenye faili la benki hakuna kilichobadilika, na hela uliyotuma nje ya mfumo haionekani popote. Anaweza akafunga kesi, anaweza akaiacha iendelee alipwe tena yote. Mimi huwa namjibu mistari miwili, nikijua karani atakuja kuisoma: "Asante kwa ujumbe wako. Hela yoyote ya oda hii itapita eBay tu, na ukifunga kesi kwenye benki yako, bado nipo tayari kuipokea sarafu na kukurudishia hela yote."