Kodi iangalie sukari, si soda

Mwandishi mmoja anadai kodi ya soda inamkamua maskini tu. Sikubaliani naye. Uingereza ilipoanza kutoza Aprili 2018, haikutoza soda zote sawa: yenye gramu 8 za sukari au zaidi kwa kila mililita 100 ililipiwa peni 24 kwa lita, ya gramu 5 hadi 8 peni 18, chini ya hapo bure. Viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla ya siku yenyewe kufika. Mama yangu ana kisukari, kila asubuhi namwona akijitoboa kidole apime. Wajukuu zake wakitoka shule hupitia soda dukani, kwani shuleni bomba ni kavu. Pesa za kodi hiyo zingeanza na kutengeneza bomba lile, jamani.