Kitundu Kidogo Tu

Aliyeanzisha maneno ya "ni kitundu kidogo tu, ziba mwenyewe" aletwe hapa, tena aje na nguo za kazi. Kwenye bodi la pikapu, kule nyuma kunakopakiwa mzigo, hakuna kitundu kidogo. Kuna tundu unaloliona, halafu kuna tundu lenyewe. Unaloliona linapitisha kidole. Lenyewe limejificha chini ya rangi, linakungoja ununue diski za grenda.

Kutu haina haraka, na haianzii pale unapotazama. Inaanzia chini, bodi linapokalia zile mbavu za chuma, matope yanapoganda na maji yakakosa pa kutokea. Juu rangi inang'aa, wewe unajisifu gari zima. Wengine hutandika mpira ili bodi lisikwaruzike. Bodi halikwaruziki kweli, linaozea kimyakimya tu, kwa sababu maji yamelala chini ya mpira huohuo. Siku unagonga kwa bisibisi, husikii "ting". Unasikia "pwaf", na bisibisi imezama mpaka kwenye mpini.

Unashika grenda. Tundu linazibwa kwa kuchomelea kiraka, na weldi haishiki kutu, kwa hiyo lazima ukate mpaka ukutane na chuma cheupe. Unakata, chuma cheupe hakionekani. Unaendelea. Kilipojitokeza, paka wa nyumbani alikuwa ameshapita kwenye lile tundu kwenda na kurudi, bila kuinama.

Na bati lenyewe ni aibu. Gari linabebeshwa mzigo wa kuvunja watu migongo, ukafikiri huko nyuma wameweka chuma cha daraja. Kumbe ni bati la kama milimita moja, na kutu imeshachukua fungu lake hapo. Mkononi una kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5! Mchomeleaji kakonda, kijiti kimenenepa, na bati ndilo linaloumia. Ongeza moto, umetoboa. Punguza moto, kijiti kimegandia: unakivuta hakitoki, mashine inaguna, kijiti kinaanza kuwa chekundu, na hapo ndipo mtu anachagua kukusalimia. Nasikia katikati ya kutoboa na kugandia kuna ampea zinazofaa. Sibishi. Kitufe cha mashine yangu kinazipita tu, kama basi lisilotambua kituo.

Halafu hiyo barakoa ya kuchomelea, yenye kioo cheusi. Ukiivaa, gizani huoni hata kidole chako. Basi unalenga kiraka vizuri, unatikisa kichwa kioo kishuke, na palepale ncha ya kijiti inateleza nusu shibiri. Unawasha. Umetoboa sehemu nzima ya bodi ambayo haikuwa na kesi na mtu.

Mafundi wanasema usivute mstari mrefu, bati litapinda kwa joto. Weka nukta hapa, nenda kaweke nyingine upande wa pili, acha ipoe, ndipo urudi. Sawa kabisa, lakini nukta ya kwanza ikikaa vizuri mkono unapata kiburi. Unajiambia niunganishe tu hizi mbili. Ukiinua kioo, kiraka kimejikunja pembeni na kukuonyesha meno.

Dawa yake ipo, wanasema: bana kipande cha shaba nyuma ya tundu. Shaba inanyonya joto, na weldi haiishiki. Ujanja mzuri sana. Ila pale nyuma hapafikiki kwa koleo, kwa hiyo anatakiwa mtu alale chini ya gari ashikilie hicho kipande huku cheche zinamwagika, jirani na tangi la mafuta. Mama watoto alinitazama mara moja tu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kiraka nacho kina masharti. Bati la bure nyumbani siku zote ni lililobaki kwenye paa, na hilo lina zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe. Uvute, usiku utatetemeka kwa homa na kutafuta mbu wa kumsingizia. Na kabla ya cheche ya kwanza sharti uchomoe waya wa hasi kwenye betri, umeme wa mashine usije ukazurura mpaka kwenye kompyuta ya gari. Hebu fikiria! Bodi limeoza, kioo cha pembeni kimefungwa kwa kamba, lakini kompyuta ipo na haitaki kusumbuliwa.

Watazamaji sasa. Osha gari, hakuna atakayekuja. Washa mashine ya kuchomelea, mtaa mzima una likizo. "Ongeza moto!" Naongeza, natoboa. "Si nilikuambia upunguze?" Ni yuleyule, mdomo uleule. Mwingine ananishauri niache weldi nipige riveti na gundi, na ushauri huo anautoa nikiwa nimeshamaliza pakiti ya vijiti. Nawaambia msitazame ule mwanga, wanatazama kwa kuchungulia kati ya vidole. Mwanga ule hauumi papo hapo, unasubiri saa kadhaa. Usiku macho yanajaa mchanga usiokuwepo, na anayelaumiwa ni mimi niliyekataza.

Anyway, kiraka kimekaa. Kina vichuguu, ndiyo. Nikikisugua kilainike, nusu ya weldi inaondoka na vitundu vya sindano vinachungulia, basi nimeacha kusugua. Nimejaza gundi ya mabodi, nimepaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, nikapiga ngumi pembeni kwa tahadhari. Imara. Pikapu sasa inabeba chochote, mradi kisiwe mchanga. Wala maji. Wala kitu chenye ncha.

Asubuhi hii kaja jirani, yule wa ongeza-punguza, na beleshi begani. Anaomba gari akasombe mchanga kidogo tu. Nimemwambia betri haina waya.