Fremu imetangulia, kanuni ifuate

Nyumba ninayokaa Sinza ilijengwa na mtu aliyeamini ukuta. Ukuta wa tofali za saruji, juu vipande vya chupa, geti jeusi, na ndani mwembe mmoja ambao mizizi yake imeshaanza kuupinda ukuta wenyewe. Miaka kama sita iliyopita jirani wa kulia alivunja kipande cha ukuta wake, hatua nne au tano hivi, akasimamisha fremu mbili, yaani vyumba vya biashara vinavyotazama barabara. Moja akachukua mangi, nyingine akapanga dada wa saluni. Mwaka haujaisha, jirani wa kushoto naye kavunja. Jumapili iliyopita nikienda kununua mkate nilizihesabu: kutoka getini kwangu hadi kwenye lami kuna fremu 19. Duka la vipodozi, wakala wa pesa za simu, fundi cherehani, chipsi, chipsi tena, dobi, na moja imefungwa tangu Ramadhani kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima.

Kwenye mchoro wa mipango miji, mtaa wetu bado ni wa makazi.

Nayasema haya kwa sababu kila inapotajwa habari ya kupitia upya kanuni za ujenzi Dar es Salaam, mjadala hukimbilia juu. Ghorofa ngapi ziruhusiwe Upanga? Je, Sinza wajenge ghorofa nne, sita au kumi? Msasani waachiwe? Wataalamu wanabishana, madalali wanasikiliza, na sisi wenye viwanja tunaanza kupiga hesabu. Mimi nadhani tunatazama mahali sipo. Mji huu unabadilikia chini, kwenye zile mita tatu za kati ya nyumba na barabara, na huko ndiko kanuni zetu zinakoishiwa maneno.

Sinza haikuwa hivi. Ni moja ya maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vingi vilikuwa vidogo, mita 12 kwa 24, jumla mita za mraba 288, vikikusudiwa mtu wa kipato cha chini ajenge nyumba yake ya chini taratibu, chumba kwa chumba. Aliyechora hakuwaza baa wala lodge, na hakuwa na namna ya kujua kwamba mwaka 2006 Mlimani City ingefunguliwa pale jirani na bei ya ardhi ingepoteza adabu kabisa. Wajukuu wa wale wenye kipato cha chini leo wanapigiwa simu na watu wanaotaka kununua "boma tu, tutavunja".

Na hata hayo maneno tunayoyatumia yana historia yake. Tunasema eneo la msongamano mkubwa, wa kati na mdogo kana kwamba ni hesabu tu. Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba, kwa kanuni ya ujenzi ya mwaka 1891. Waingereza wakaja wakaweka kanda tatu, na katikati wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja kuwatenga watu wa Kariakoo na wale wa mjini. Ulipokuja mpango kabambe wa mwaka 1949, uliotengenezwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, lugha ilisafishwa. Palipokuwa pa Wazungu pakaitwa pa msongamano mdogo, pa Wahindi pakawa pa kati, na pa Waafrika pakawa pa msongamano mkubwa. Watu wa mtaani hawakudanganyika, waliendelea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ikaja mipango ya 1968 na 1979, yote ikiandikwa na kampuni za Kanada, na sasa tuna ule wa 2016 hadi 2036. Lakini mwambie mtu wa Dar akuonyeshe Uswahilini, hatakuuliza mpango gani.

Ajabu ni kwamba Uswahilini huko huko ndiko kulikuwa na jibu zuri la swali la mita tatu za mbele. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kale ya Kariakoo au Ilala. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma kwenye jiko na choo. Na mbele? Kibaraza, na paa lililoshuka likatoka nje kidogo. Mpita njia akipata kivuli, mama wa maandazi akipata pa kuweka beseni, wazee wakipata pa kuchezea bao, na mwenye nyumba alikuwa anamwona kila anayeingia. Biashara na makazi vilikaa pamoja bila barua ya mtu. Vuka maji uende Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta baraza za mawe mbele ya nyumba zinahesabika kuwa sehemu ya urithi, na hakuna anayeziita uvamizi wa barabara.

Kariakoo iliporuhusiwa kwenda juu, kibaraza ndicho kilichokufa kwanza. Viwanja ni vile vile vya nyumba ya vyumba sita, mitaa ni ile ile, Sikukuu, Narung'ombe, Mchikichi, ila sasa juu yake kuna ghorofa nane au kumi na chini kuna maduka hadi kwenye ukingo wa lami. Hakuna kivuli, na mzigo unashushiwa kichwani mwako. Sisemi urefu hauna hatari. Machi 29, 2013, mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa lilianguka na watu 36 wakafa. Lakini lile la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 25 halikuwa refu. Lilikuwa la ghorofa chache tu, na mashuhuda walieleza kwamba kazi ilikuwa ikiendelea chini yake ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Chini tena. Kila mtu anaitaka ile sakafu ya chini kwa sababu ndiyo yenye pesa, na ndiyo isiyokaguliwa.

Sasa, kanuni hubadilikaje kwetu? Kwa kawaida kiwanja kimoja kimoja. Mtu anaomba kubadili matumizi, kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Ombi linapita kamati ya mipango miji ya halmashauri, na tangazo hutoka ili mwenye pingamizi aseme. Kwenye makaratasi ni utaratibu mzuri. Mimi nilishawahi kukuta tangazo la namna hiyo limebandikwa kwenye nguzo, limenyeshewa, limeandikwa kwa Kiingereza. Nikalipiga picha, nikamwonyesha mzee mmoja jirani yetu, mtu wa makamo ya baba yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanauza au wamekufiwa?" Muda wa pingamizi ulipita hivyo. Ikajengwa ghorofa tano, na jua la asubuhi likahama kwa yule mzee. Sikumbuki hata kama aliyejenga alivunja sheria yoyote. Inawezekana kabisa hakuvunja.

Hapo ndipo ninapokerwa. Barua moja ya kubadili matumizi ni jambo dogo. Barua arobaini kwenye mtaa mmoja ni kanuni mpya, ila hakuna kikao kilichoipitisha. Na wale wenye fremu, ambao hawaombi barua yoyote, wanapitisha kanuni yao pia, ya kimyakimya, mpaka siku mtu anapokuja na rangi nyekundu na kuchora X.

Mimi siiombei fremu ibomolewe. Fremu imenisaidia. Usiku umeme ukikatika, taa ya chaji ya mangi ndiyo inayoangaza njia; mwanangu akitoka shule, dada wa saluni anamjua kwa jina. Mtaa wenye kuta na mageti matupu pande zote mbili, kama vichochoro vya Masaki, ukikabwa saa mbili usiku utapiga kelele hadi uchoke. Tena fremu ndiyo pensheni ya wastaafu wa mji huu. Kuna mama pale kwetu anasomesha wajukuu watatu kwa kodi ya fremu mbili. Ukimwambia eneo lake ni la makazi tu, atakuuliza makazi yanakula nini.

Lakini njoo mvua za masika. Mtaro wa mtaa wetu ulikuwa wazi. Mwenye fremu wa kwanza aliufunika kwa zege ili wateja wavuke. Wa pili akainua zege lake kidogo kuliko la kwanza, maana yeye alijaza kifusi. Wa tatu alipitisha bomba la inchi nne chini, likaziba na mifuko wiki ile ile. Siku moja ya Aprili nilisimama na mwavuli nikayaangalia maji yakifika kwenye lile bomba, yakasita kama mtu aliyesahau alichofuata, yakageuka na kuingia getini kwangu. Kila mmoja kwa upande wake alikuwa na hoja. Hakuna aliyetuambia kwamba mtaro ni mmoja.

Na juu ya hayo kuna ghorofa. Hapo zamani nyumba moja ilikuwa na familia moja na karo moja, shimo la majitaka. Ghorofa tano zina familia kumi na karo ni lile lile, limechimbwa kwenye kile kiwanja cha mita 288, na bomba la majitaka la mji halijatufikia. Gari la kunyonya linakuja kila baada ya wiki mbili. Asiye na hela ya gari anangoja mvua kubwa ya usiku, anatapisha, na asubuhi sote tunaruka madimbwi tukiwa tumeziba pua, tukijifanya hatujui yametoka kwa nani. Kwa hiyo ukiniuliza ghorofa ngapi, nitakujibu: karo lako linakwenda wapi? Kama kanuni mpya itaruhusu ghorofa kwa kufuata bomba la majitaka badala ya kufuata jina la mtaa, nitaiunga mkono hata ikisema ghorofa 15.

Serikali nayo ijihesabu humo. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za watu bonde la Msimbazi zilibomolewa kwa kuwa ni bondeni, ni hatari, na ni kweli ni hatari. Hapo hapo Jangwani, bonde hilo hilo, ikawekwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mafuriko yalipokuja yakaingia kwenye mabasi. Sasa kuna mradi mkubwa wa kulirekebisha bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na waliobaki wakalipwa ili wapishe. Sawa. Ila ukimwambia mwenye fremu kwamba kanuni ni msumeno, ujue analikumbuka lile basi kwenye maji.

Ninachokitaka ni kidogo. Mtaa kama wetu utambuliwe wote kwa mpigo kuwa wa makazi na biashara ndogo, asibaki mtu wa kuhangaikia barua yake peke yake. Fremu iruhusiwe hadi mstari mmoja, wote sawa. Paa lake litoke mbele mita moja na nusu, mpita njia apate kivuli na mteja asinyeshewe. Mtaro usifunikwe kwa zege la kudumu, uwekewe vifuniko vinavyonyanyuliwa kwa mikono miwili. Baa iwe kwenye kona ya barabara kubwa, isiwe ukuta kwa ukuta na chumba cha mtoto. Mambo matano, yanaenea kwenye karatasi moja.

Na msiniambie wananchi hawawezi kukubaliana. Kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupima mitaa iliyojengwa bila mpango, kule Kimara na kwingineko tumeona majirani wakikaa kwenye kikao cha mtaa, wakagombana, wakatukanana kidogo, kisha huyu akamega hatua mbili za shamba lake na yule akavunja choo ili njia ipite. Watu waliokubali kutoa ardhi watashindwaje kukubaliana urefu wa bati?

Najua jibu la wapinzani wangu: ukihalalisha fremu unamzawadia aliyevunja sheria, na kesho atavunja nyingine. Hoja hii ina uzito. Ukifika Pipeline kule Embakasi, Nairobi, utaona mwisho wa njia ya kila mtu ajenge apendavyo: majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana hadi mchana unawasha taa sebuleni, na nguo zikianikwa hazikauki. Sitaki Sinza ifike huko. Lakini mji huu ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Hao milioni moja walioongezeka walipanga chumba mahali, wakanunua mkaa na vocha mahali. Wengi wao walivinunua kwenye fremu.

Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi na yale matangazo ya kwenye nguzo yaandikwe hivyo, yawe na mchoro wa jengo litakavyokuwa na kivuli chake kitakapoangukia. Yule mzee wetu angelielewa hilo bila kuuliza nani kafa.

Wiki iliyopita nami nilimwita fundi. Nisijifanye mtakatifu, ukuta wangu ndio pekee uliobaki mzima upande huu, na mwembe unaelekea kuuangusha bure. Akapima kwa hatua, akapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu: tofali, nondo, milango ya kukunja, bati sita. Nikamuuliza maji ya hayo mabati yatakwenda wapi. Akageuka, akatazama barabara, akatazama geti la jirani, akacheka.

"Bosi, hiyo si utaongea na jirani?"