Bibi anaota moto na nani?

Likitajwa suala la kumpeleka mzee kwenye makazi ya wazee, hapa Mbeya jibu huwa tayari mdomoni: hiyo si mila yetu. Mara ya mwisho nimelisikia msibani Uyole, kwa baba mmoja ambaye mama yake anaishi Rungwe na mjukuu wa miaka tisa. Huyo mjukuu ndiye anayeteka maji na kupika.

Hiyo mila nayo ina mengi. Wanyakyusa wa zamani waliishi kwa rika. Vijana wa kiume walitoka kwa baba zao mapema, wakaanzisha kijiji chao, wakazeekea humo na wenzao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza jinsi walivyothamini ukwangala: kula na kupiga soga na watu wa rika lako. Kwa hiyo wazee kukaa na wazee wenzao si jambo lililoshuka na ndege. Ila tusijidanganye, pale kijijini wake zao, watoto na ng'ombe walikuwepo. Makazi yetu mengi ya serikali yana asili nyingine, kambi za wagonjwa wa ukoma, na anayepokewa ni yule asiye na wa kumtunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema wazi kwamba mtunzaji wa kwanza ni familia.

Sawa, familia. Lakini ipi? Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, ikifuatiwa na Iringa. Makete, huko huko Njombe, kuna bibi waliozika watoto wao, kisha wakalea wajukuu. Ukiwaambia familia iwatunze, watakuuliza unamsema nani.

Na hata familia ikiwepo, mambo si mepesi. Jirani yangu alimleta mama yake mjini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wote wanatoka, bibi anaachiwa chupa ya uji na televisheni, geti linafungwa kwa nje. Dawa za presha anapewa kwa saa, nguo safi, godoro zuri. Wajukuu hawajui Kinyakyusa, na Kiswahili cha bibi ni cha kuuzia ndizi. Jioni akiulizwa ameshindaje, anajibu, "Salama." Siku moja akaomba arudishwe kijijini, akaote moto na watu.

Makazi nayo niliwahi kuyatembelea. Wahisani walikuwa wameleta sabuni na sukari, wakapiga picha nyingi kuliko sabuni zenyewe. Nyuma ya vyoo babu mmoja alikuwa na tuta la chainizi, anawauzia watumishi kwa mafungu. Wakimwambia apumzike ananuna. Wawili walikuwa wanagombania kete za bao, kelele tupu. Ule ulikuwa ukwangala hasa. Lakini nilipokaa nao, habari ya chakula hawakuigusa. Walichouliza ni nani atawazika. Huku kwetu msiba ndiyo daftari la mahudhurio, na wao kutoka getini mpaka ruhusa ya mfawidhi, tena usafiri hakuna.

Kwa asiye na mtu kabisa, nayatetea makazi bila aibu. Kwa wengine ningependa tujaribu sehemu ya kushinda mchana tu, karibu na kanisa au ofisi ya kata, jioni mzee arudi kwake. Mpishi atalipwa na nani? Zanzibar tangu 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 anapata pensheni, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara pensheni ya namna hiyo kwa wote hatuna. Ingekuwepo, angalau mzee angechangia unga.

Yule jirani alimrudisha mama yake Julai, baridi ikiwa imekolea. Alipopiga simu wiki ile ile, akapokea mtoto wa nyumba ya pili: bibi hayupo, kaenda msibani.