Betri ya bodaboda ni ya nani?

Waendesha bodaboda wa hapa Nakuru, Kenya, waliohamia pikipiki za umeme wana nung'uniko moja: pikipiki ni yako, betri ni ya kampuni. Ikiisha chaji unaibadilisha kituoni, unalipa, unaendelea. Wakosoaji wanaongeza kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya pikipiki za umeme na betri za lithiamu hadi sufuri, kisha kampuni zinajisifu kuwa zinasaidia jamii. Wana hoja. Kodi iliyosamehewa ni pesa ya umma, na muuzaji hajatoa sadaka.

Ila uwajibikaji wa kampuni tumezoea kuutafuta kwenye miche, fulana na picha. India, kwa sheria yake ya kampuni ya 2013, inazidai kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya faida kwa kazi za jamii. Yetu ya 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi azingatie tu athari kwa jamii na mazingira. Kuzingatia ni neno jepesi.

Bei ya stima ina uzito zaidi. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, iliweka bei ya kuchaji magari na pikipiki: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine. Hiyo 8 ndiyo ninayoirudia kila mara. Usiku watu wamelala, viwanda vimepoa, na kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini katika kaunti hii hii, mvuke uliochimbwa kwa mabilioni huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Kampuni inayochaji betri zake usiku hulipa nusu na kuutumia mvuke huo. Haikuhitaji kuhubiriwa mazingira.

Betri nazo zitachakaa. Sheria ya taka ya 2022 inambebesha mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya matumizi. Betri ikibaki ya kampuni, wa kuulizwa anajulikana. Ingekuwa ya mwendeshaji, ingefia kwenye banda la fundi, kisha jaani.

Kufungwa kwenye vituo vya kampuni moja kunaumiza, hilo silipingi. Ndiyo maana msamaha wa VAT ungepaswa kuja na masharti mawili: kituo kihudumie pikipiki za kampuni zote, na kila betri iliyotolewa barabarani itolewe hesabu ilikokwenda.