Watu Watoke Nje, Binti Apewe Chakula

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya huruma ya kanisa, inayosaidia watoto wenye utapiamlo na manusura wa usafirishaji wa binadamu, kwa muda wa kutosha kujua kwamba mkutano wetu, uanze na ajenda yoyote ile, utafika kwenye picha. Picha zipo? Ipi iwekwe kwenye tangazo la harambee, hii ya mtoto mbavu nje au ile ya dada aliyetupa kisogo? Hakuna mwenye nia mbaya mle chumbani. Tumesali kabla ya kuanza, tutasali kabla ya kuondoka, na katikati ya sala hizo mbili tunachambua nyuso za watu kama wachuuzi wanaopanga bidhaa mezani. Nami nimechambua. Tena nilikuwa na jicho zuri, nikisifiwa.

Kilichonitoa huko ni mstari mmoja wa Biblia nilioupita kwa miaka mingi bila kusimama. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, kuna binti wa miaka 12, mtoto wa Yairo, mkuu wa sinagogi. Yesu anafika nyumbani wakati msiba umekwisha kuwa msiba, waombolezaji wamejaa. Anapowaambia mtoto amelala tu, wanamcheka. Anawatoa wote nje, anabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Anamshika binti mkono na kumwambia, “Talitha, kumi,” yaani, msichana, inuka. Binti anainuka na kutembea. Wahubiri wengi humalizia hapo, na makofi hupigwa. Lakini mstari wa 43 una maagizo mawili ambayo sijawahi kuyasikia kwenye mahubiri ya harambee: watu wasitangaziwe jambo hilo, na mtoto apewe chakula.

Watawa wa Kikatoliki walipoanzisha mtandao wao wa kimataifa wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, mwaka 2009, waliuita Talitha Kum. Ni jina zuri. Wengi hulisikia wakafikiria lile neno “inuka” peke yake. Mimi siku hizi nalisikia nikaenda moja kwa moja kwenye yale maagizo mawili, kwa sababu nadhani karibu kila kosa tunalofanya katika kazi hii linatokana na kuyageuza: tunatangaza kwanza, chakula kinafuata bajeti ikiruhusu.

Tuanze na watoto. Utapiamlo unaoingia kwenye picha ni ule wa ukondefu: mbavu, macho makubwa, mguu kama ufito. Makadirio ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2024 yanasema watoto wa chini ya miaka mitano wenye ukondefu walikuwa takriban milioni 43 duniani. Waliodumaa walikuwa milioni 150. Mtoto aliyedumaa hana cha kumwonyesha mpiga picha. Ana miaka minne lakini ukimwona utadhani ana miwili na nusu, anacheza, anatabasamu, na anayemtazama harakaharaka humwona mtoto mdogo mwenye afya. Sehemu kubwa ya madhara ilifanyika katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba ilipotungwa hadi mwaka wake wa pili, na urefu uliopotea wakati huo haurudi kirahisi. Hajawahi kutokea kwenye bango letu hata mara moja.

Kuna na mtoto wa unyafuzi, yaani kwashakoo, ambaye kamera humdanganya mtazamaji kabisa. Miguu imejaa maji, mashavu yamevimba, anaonekana kanenepa. Nimemsikia mfadhili mmoja, mtu mwema, akiuliza kwa nini mtoto huyo yumo kwenye orodha ilhali “ana mwili”. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kifo kuliko wote waliokuwa mle wodini. Mhudumu wa afya hujua kwa kubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba na kuangalia kama shimo linabaki. Halafu huchukua ule utepe wa rangi tatu, anaupitisha kwenye mkono wa juu: ukisoma chini ya milimita 115 upo kwenye nyekundu, huo ni utapiamlo mkali. Kazi nzima huchukua dakika chache na haipendezi kuitazama.

Hata tiba yenyewe haina mvuto wa jukwaani. Mtoto aliyedhoofu sana ukimshindilia chakula siku ya kwanza kwa furaha ya kumwokoa, unaweza kumuua, kwa sababu mwili uliozoea njaa hauwezi kuupokea mzigo ule ghafla. Chumvichumvi za damu huvurugika na moyo hushindwa. Ndiyo maana hospitalini wenye hali mbaya huanzishiwa maziwa mepesi ya tiba, kidogo kidogo, usiku na mchana, kabla ya kupandishwa kwenye maziwa mazito zaidi. Wasio na matatizo mengine, na ambao bado wana hamu ya kula, hupewa chakula dawa, ile pakiti ya gramu 92 yenye karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, kalori 500. Haihitaji maji wala kupikwa, hivyo mama anaondoka na pakiti zake na kurudi kupimiwa mtoto baada ya wiki. Tangu mwaka 2007 mashirika makubwa ya Umoja wa Mataifa yameipitisha rasmi njia hii ya kutibu watoto wakiwa nyumbani kwao. Kwa kamati kama yetu ilikuwa habari njema yenye shubiri ndani yake: wodi iliyojaa vitanda vyembamba tuliyozoea kuwapeleka wageni wakaione ilikuwa inapungua watu. Uponyaji ulikuwa umehamia majumbani, mahali ambapo wageni hawaalikwi.

Kwenye usafirishaji wa binadamu mambo ni yaleyale. Picha inayouza ni minyororo, chumba chenye giza, mlango uliovunjwa na polisi. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kwamba siku yoyote ya mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa. Kati yao, waliokuwa wakinyonywa kingono kibiashara walikuwa milioni 6.3. Hiyo ni idadi ya kutisha na sitaki kuipunguza hata kidogo. Lakini wengine walio wengi wako mashambani, kwenye majengo yanayojengwa, viwandani, kwenye boti za uvuvi, jikoni kwa watu. Mnyororo wao ni deni ambalo kila mwezi linaongezeka badala ya kupungua, au hati ya kusafiria iliyofungiwa kabatini kwa bosi. Tena aliyewaingiza mara nyingi ni mtu waliyemjua: jirani, shangazi, muumini mwenzao. Utapigaje picha deni?

Lakini lipo jambo linalonikera kuliko picha. Tumezigawa kazi hizi mbili kwenye kamati ndogo mbili, zenye wenyeviti wawili na siku mbili tofauti za harambee, kana kwamba zinahusu familia tofauti. Nyumba ni ileile. Mdogo ana mkono wa milimita 112, dada yake wa miaka 14 ametokewa na wakala anayeahidi kazi ya ndani mjini na mshahara wa miezi miwili mkononi. Mama hauzi mtoto. Mama anapiga hesabu. Tukimfikia mdogo mapema kwa chakula dawa, na tukaangalia pia kwa nini chungu ni kitupu, huenda yule wakala akakuta mlango umefungwa. Kuzuia namna hiyo hakuna ushuhuda, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Nani atapanda mimbarini kusimulia jinsi ambavyo hakusafirishwa?

Upande wa makao ya watoto nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza sitamaliza. Watoto wengi wanaoishi kwenye nyumba zinazoitwa za yatima wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Mahali ambapo wageni na sadaka hufuata idadi ya watoto, hutokea mtu wa kwenda kuwatafuta watoto. Australia ilipokuwa ikiandaa sheria yake ya utumwa mamboleo ya mwaka 2018, bunge lao lililiita jambo hilo kwa jina lake, usafirishaji wa watoto kwenda kwenye makao ya yatima. Kanisa linalopeleka vijana wake wiki mbili kucheza na watoto kwenye makao kama hayo liulize kwanza hao watoto walitoka wapi, na nauli ya vijana hao ingemlisha nani huko watoto walikotoka.

Sasa nirudi kwa manusura na ushuhuda wao, maana hapo ndipo ninapowakwaza ndugu zangu wengi katika imani. Mtakatifu Josephine Bakhita alizaliwa Darfur karibu mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akafika Italia. Mwaka 1889 mahakama ya Venezia ilitamka kwamba ni mtu huru. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000, na siku aliyofariki, Februari 8, ndiyo siku ya Kanisa Katoliki ya kuwaombea waathirika wa usafirishaji wa binadamu. Tunamwita kwa jina alilopewa na waliomteka. Bakhita ni Kiarabu, ndugu wa “bahati” yetu: mwenye bahati. Jina alilopewa na mama yake alilisahau kwa mshtuko, na hakuna anayelijua hadi leo. Baada ya simulizi la maisha yake kuchapishwa mwaka 1931, alizungushwa Italia kuisimulia mbele ya watu. Alikuwa mtawa mwenye umri mkubwa, mpole, mtiifu. Ninajiuliza kama kuna aliyemuuliza, kwa namna ambayo angeweza kujibu hapana.

Kwa sababu kuuliza peke yake hakutoshi. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, inayofafanua kosa hili katika sheria za kimataifa, inasema ridhaa ya mtu haihesabiki ikiwa imepatikana kwa vitisho, kwa ulaghai, au kwa kutumia vibaya unyonge wake. Kwa mtoto haihesabiki kabisa. Tunalinukuu hilo dhidi ya mawakala. Hatulisomi tukiwa tumeshika karatasi ya idhini ya picha mbele ya mtu anayelala kwenye kitanda chetu.

Tulikuwa na dada mmoja kwenye nyumba salama tuliyoisaidia, aliyekuwa ametumikishwa ndani ya nyumba ya watu. Mratibu wa harambee alimwomba atoe ushuhuda. Akakubali mara moja, akasimama, akasema, watu wakalia, kapu likajaa. Wiki iliyofuata hakutoka chumbani. Mama mmoja wa kamati, mtu asiye na maneno mengi, alikwenda kukaa naye, akamuuliza kwa nini alikubali. Jibu lake lilikuwa fupi: “Mama, mmenilipia nauli, mnanilisha. Ningekataaje?” Alikuwa ametoka kwenye deni moja akaingia kwenye lingine, na safari hii mdai alikuwa sisi.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeitoa mwenyewe mara nyingi: bila picha hakuna sadaka, na bila sadaka hakuna maziwa ya tiba. Ina ukweli. Sadaka hupungua, angalau mwanzoni. Lakini mtoaji anadai uthibitisho kwamba fedha yake imefanya kazi, na uso wa mtoto si uthibitisho wa kitu hicho. Vipo viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yamekubaliana kujipima navyo: katika tiba ya utapiamlo mkali, watoto wanaotoka kwenye matibabu wakiwa wamepona wazidi asilimia 75, wanaofariki wasifike asilimia 10, wanaoacha katikati wasifike asilimia 15. Ulizeni hizo. Kwa manusura, ulizeni ni wangapi wana kazi ya mshahara baada ya miaka miwili, wangapi wamepata wakili, wangapi wamepata vitambulisho vyao. Mhasibu mmoja mstaafu kanisani kwetu, aliyekuwa hatoi kitu kwenye harambee za machozi, alianza kutoa kila mwezi tulipomwonyesha jedwali. Alikuwa anasubiri jedwali miaka yote hiyo.

Siwaambii manusura wanyamaze. Wapo wanaotaka kusema, tena kwa sauti, na wanafanya hivyo bungeni, mahakamani, kwenye vyama vyao wenyewe, wakiwa wamesimama kwa miguu yao na wakijua watalala wapi hata wakikataa. Hao tuwape kipaza sauti tukae chini. Ninachokataa ni ushuhuda unaotolewa na mtu ambaye chakula cha jioni yake kinategemea wanaomsikiliza.

Yule dada, baada ya siku kadhaa, yule mama alimuuliza swali ambalo hakuna mjumbe mwingine aliyewahi kumuuliza: unataka nini? Tulidhani atasema cherehani. Sisi huwa tunatoa cherehani. Alitaka kitasa. Alikotoka mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa nje, na kwenye nyumba yetu salama, kwa usalama kama tulivyosema, mlango haukuwa na ufunguo kabisa, yeyote aliweza kuingia. Alitaka mlango unaofungwa kwa ndani na ufunguo akae nao yeye.

Jambo lilipofika kwenye kamati lilijadiliwa kwa dakika ishirini. Mwenyekiti aliuliza ikitokea moto itakuwaje, swali la haki, tukakubaliana kuhusu ufunguo wa akiba. Katibu akaandika. Kisha mweka hazina akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake akauliza kitasa kiingizwe kwenye kifungu gani, maana kwenye bajeti yetu tulikuwa na matangazo, uchapishaji, picha na video, usafiri wa wageni, na hakukuwa na mahali pa kukiandika.