Baba Hakula Nguruwe, Alimfukua

Naandika haya kwa sababu shoga yangu mmoja, anajijua, ameshazunguka magrupu matatu ya WhatsApp akitangaza kwamba nimempeleka baba yangu Hawaii nikamlishe kitimoto. Mwongo huyo. Baba hakula nguruwe. Baba alimfukua.

Sasa tulieni.

Wazazi walitoka Tanga kuja kunitembelea Seattle, huku Marekani, na mie kwa kujitia mjuaji nikaona hawawezi kurudi nyumbani wakisimulia mvua ya huku tu. Nikakata tiketi za Honolulu, kisha nikachora jedwali. Ndiyo, jedwali, na rangi juu: Kasri la 'Iolani, Makumbusho ya Bishop, Pearl Harbor, na luau, ile karamu yao ya jioni yenye ngoma ya hula. Kila mahali nikaandika pana ngazi ngapi (magoti ya Mama), choo kiko mbali kiasi gani (Baba), pa kuswalia, na chakula. Watu wa luau niliwaandikia kabisa: sisi Waislamu, nguruwe hatuli. Wakanijibu vizuri, mtapewa kuku na samaki. Nikapaka kijani. Jina la mahali penyewe silitaji, maana wao hawana kosa.

Kwenye ratiba paliandikwa "kufukua tanuri la ardhini". Mie nikawaza mihogo. Wallahi nikawaza mihogo.

Tukafika jioni, tukavishwa makoja ya maua shingoni, ndiyo hizo lei. Mama na kanga zake akaulizwa na wanawake watatu kanunua wapi. Baba, kofia yake ya kiua kichwani, akaenda moja kwa moja kwa kijana aliyekuwa anaonyesha jinsi ya kuponda poi, ule uji mzito wao. Baba ni bwana shamba mstaafu, mwelewe hilo. Akachungulia. "Haya si magimbi?" Magimbi kweli. Kijana akamweleza kwamba Wahawaii wanalihesabu gimbi kuwa kaka yao: kwenye masimulizi yao mtoto Hāloa alifia tumboni, akazikwa, juu ya kaburi likaota gimbi, na mdogo wake aliyefuata akapewa jina lilelile, huyo ndiye babu wa watu. Baba akaniambia, "Kijana huyu kalelewa." Kijana naye akawa anamwita kupuna, yaani mzee wa heshima. Mapenzi yakaanza hapo, na ndiyo yaliyotuponza.

Mshereheshaji akaomba wenye ndoa wasimame. Chini ya miaka kumi kaeni. Ishirini, kaeni. Thelathini. Wakabaki wazazi wangu na wazee wawili wa Texas wenye miaka 44. Nani alipiga kelele "Arobaini na saba!" hadi sauti ikamkauka? Mie. Zawadi ilikuwa nini? Baba aende akasaidie kufungua shimo.

Vijana wakaondoa udongo. Wakaondoa magunia yaliyolowa. Mvuke ukapanda, na chini yake yakaonekana majani ya migomba. Baba akainama. "Haya mie nayajua." Akaanza kuyabandua moja moja, taratibu, kama anakagua shamba la mtu. Mvuke ukamjaa usoni, miwani ikapiga ukungu. Hapo ndipo muelewe: Baba alikuwa haoni. Alikuwa ananusa. Akanigeukia, akaita kwa sauti ya mkutano wa kijiji:

"Mwanangu! Harufu nzuri hii! Mbuzi huyu?"

Mie nilikuwa meza ya mbele, hatua kama kumi. Hatua kumi mtu anakimbia. Sikukimbia. Nilikuwa narekodi.

Likatoka jani, likatokea sikio. Sikio unaweza kujidanganya nalo. Likatoka jingine, ikatokea pua. Mama alikuwa katikati ya kigelegele, kikamfia mdomoni. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mwenzangu, mbuzi gani huyo mwenye pua ya soketi?"

Baba akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa. Akatazama chini. Wakati huo vijana wameshamnyanyua yule mnyama na waya wake, wamemlaza kwenye ubao, na mshikio mmoja, kwa heshima yote ya ukupuna, wamemkabidhi Baba. Watu mamia wanapiga makofi. Mafuta yanamchuruzika kiganjani. Baba akanyanyua macho, akanitafuta, akanipata.

Enyi wafuasi wangu, mie nimewahi kufeli mitihani. Nimewahi kuachwa na basi Chalinze, mzigo umekwenda. Sijawahi kutazamwa vile.

Lakini hakuuachia ubao. "Mgeni hatupi mzigo wa mwenyeji mbele za watu," aliniambia baadaye. Mpiga picha akasema tabasamu. Akatabasamu.

Mengine nayapitisha haraka. Kuku na samaki waliletwa kama walivyoahidi, nikala peke yangu. Sisi ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii: palipoguswa na nguruwe mwenye majimaji au mafuta panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikasema ufukweni Waikiki pana mchanga tele. Baba akasema, "Udongo, si mchanga." Saa nne usiku nikawa nachota udongo kwenye chungu cha maua cha hoteli kwa kikombe cha kahawa. Mlinzi akaja, nikamwambia ni mambo ya dini. Akaniambia aloha, akaenda zake.

Kesho yake tukaenda Kasri, ambalo nilikuwa nimelipaka nyekundu kwa sababu ya ngazi. Baba alivishwa vifuko juu ya viatu, akapenda. Akasimama sana kwenye chumba cha juu alichofungiwa Lili'uokalani, malkia wa Hawaii, mwaka 1895, miaka miwili baada ya kupinduliwa. Alipoambiwa kasri lilikuwa na taa za umeme kabla ya Ikulu ya Marekani, akanigeukia: "Na hapa ndipo palipokuwa pekundu?"

Video? Niliituma mwenyewe kwenye grupu la ukoo nikidhani natuma ya hula. Binamu akaandika chini yake, "Mzee kafungua tawi la kitimoto Honolulu." Shoga yangu akaipatia hapo.

Wazee wameondoka juzi. Uwanjani Baba akanivuta pembeni, nikajua leo nasemwa. Kumbe anauliza ile picha yake na ubao, iliyokuwa inauzwa mlangoni, niliinunua? Niliinunua. Akataka nimkatie, kuanzia kwenye viwiko kushuka chini yote iondoke. Nimeikata jana usiku: Baba na kofia, koja la maua, tabasamu kubwa, mikono imenyooka mbele, imeishia viwikoni. Anaitundika sebuleni. Wageni wakiuliza alikuwa kabeba nini, jibu analo tayari. Magimbi.